Sema Harms, Ruprecht

"Tia saini hapa, na hapa, na hapa chini. Ukurasa wa mwisho andika jina lako kamili, usifupishe."

Mzee Egon aliisukuma karatasi mezani mpaka ikagusa sahani ya keki ya Gesine. Hata hakumtazama. Alikuwa anatafuta kijiko chake cha chai.

Gesine aliisoma pole pole, mstari kwa mstari. Wenzake mezani walikuwa watatu: mzee mwenyewe, mwanawe Ruprecht ambaye ndiye mchumba, na shangazi Mechthild, dada wa mzee, aliyekuwa anatafuna huku macho yake yakiruka toka uso huu hadi ule.

"Kwamba nisitumie jina lenu, hilo halina shida," Gesine akasema. "Mimi ni Harms, nimezaliwa Harms, sijawahi kuota kuitwa vingine. Ila hiki kifungu cha nne sikielewi."

"Kinajieleza."

"Kinasema watoto wangu hawataitwa Dornwerth. Hawataandikwa kwenye kitabu cha ukoo. Hawatazikwa kule chini ya kanisa na ndugu zao. Wala wasijitambulishe mahali popote kwamba ni wa nyumba hii."

"Ndoa ya wasiolingana damu ndivyo ilivyo, binti. Hiyo sheria ya nyumba yetu ina miaka mia mbili na kitu. Sikuitunga mimi."

"Kwa hiyo mtoto wa Ruprecht akija hapa kumsalimia babu yake, aje kama nani? Fundi bomba?"

Shangazi Mechthild alipaliwa na chai. "Fundi bomba angepokelewa kwa shangwe, mwanangu. Choo cha juu kinavuja tangu Pasaka."

"Mechthild!"

"Nimenyamaza, kaka. Nimenyamaza."

Viti vya enzi nchini mle vilishaondolewa miaka mia iliyopita, na vyeo vikaondoka navyo. Kilichobaki ni jina. Kwenye kitambulisho cha Ruprecht lilikaa pale pale ambapo jina la muuza nyama hukaa: Prinz von Dornwerth, yaani Mwanamfalme wa Dornwerth. Kwa serikali ni jina la ukoo kama mengine, basi. Lakini kwa Mzee Egon kile kiti cha enzi kilikuwa kimepelekwa kwa seremala tu, kesho kingerudi. Wanaukoo bado walimwita Mtukufu, bado waliomba ruhusa yake kabla ya kuoa, na aliyeoa bila ruhusa alifutwa kama chaki ubaoni.

Gesine yeye alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani. Miaka miwili nyuma aliitwa kutengeneza kinanda cha kanisa la ukoo, akajaa vumbi mpaka kwenye kope, na Ruprecht akamletea maji ya kunywa. Akamletea tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya saba Gesine akamwambia, "Bwana, nimeshakunywa maji ya kutosha ngamia. Sema unachotaka." Mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu, na chini ya meza ile mkono wa Gesine ulikuwa juu ya tumbo lake. Miezi miwili. Aliyejua ni Ruprecht peke yake.

Ruprecht akasimama. Akaichukua karatasi, akaikunja, akamrudishia baba yake.

"Hatatia saini. Na mimi sikuombi tena ruhusa, baba."

"Basi nafasi yako ni ya mdogo wako Konrad. Nyumba, kanisa, uongozi wa ukoo. Hata kaburi."

"Mpe."

"Ruprecht, ukitoka mlango ule..."

"Nimesikia, baba. Mpe Konrad."

Walitoka. Kwenye gari Gesine ndiye aliyeshika usukani, Ruprecht anacheka kama mtu aliyeponea ajali.

"Umemaanisha ulichosema?" Gesine akamuuliza.

"Subiri usikie na kingine. Siku ya ndoa msajili anatuuliza tumechagua jina gani la familia, si ndiyo? Langu au lako. Sheria inaruhusu lolote."

"Ndiyo."

"Nitasema Harms."

Gesine akaegesha gari kando ya shamba la kabichi, maana macho yalikuwa hayaoni barabara.

"Rudia."

"Ruprecht Harms. Mume wa Gesine Harms. Baba wa Harms mdogo. Mtoto wetu hatakuwa wa kufichwa na mtu, kwa sababu nyumba nzima tutakuwa na jina moja. Hili langu tunaliacha kule kule lilikotoka."

"Unajua hutalipata tena? Hapa kwetu jina halibadilishwi kama soksi."

"Najua. Endesha, mke wangu."

Jamani, mwanamke gani asingelia? Gesine alilia mpaka kwa mama yake.

Mama yake, Bi Antje, alikuwa anauza mkate kwenye duka la kona, mjane wa mtu aliyelinda tuta la kuzuia maji ya bahari miaka thelathini. Alipoambiwa alikaa chini na aproni yake.

"Prinsi? Achukue jina la marehemu Okko?"

"Ndiyo, mama."

"Okko wangu aliyekuwa anakuja na matope mpaka masikioni?"

"Huyo huyo."

"Mwambie asije akajuta. Jina letu fupi, halina hata mahali pa kuning'iniza kofia." Akacheka, kisha akafunika uso kwa aproni na kulia. "Baba yako angefurahi, Gesi. Angejifanya hajali, halafu angeenda kulia bandani."

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Wiki ya pili Ruprecht akaanza kuwa mfupi wa maneno. Ukimuuliza kitu anajibu baada ya kuulizwa mara mbili. Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, Gesine akiwa kazini na mikono imejaa gundi, ujumbe ukaingia:

"Baba ameniita. Nakwenda kuchukua vitabu vyangu tu. Usiwaze."

Jioni akamwandikia: "Vipi huko? Amekupokeaje?"

Jibu likachukua saa nzima kufika.

"Salama. Tutaongea. Nakupenda sana, kumbuka hilo."

Gesine aliusoma mara tatu. Hilo "kumbuka" lilimkaa vibaya. Akapiga simu.

"Kuna nini, Ruprecht?"

"Hakuna kitu. Nimechoka tu."

"Baba yako amesema nini?"

"Ya siku zote. Gesi, tuifikie Jumamosi kwanza, mengine yatajipanga."

"Mengine yapi?"

"Lala, mpenzi. Mtoto anahitaji upumzike."

Akajiambia ni wasiwasi wa bwana harusi. Mtu akipenda, sababu za kumtetea anayempenda hazimwishii.

Jumamosi saa tano asubuhi, ofisi ya msajili ilikuwa na maua ya njano na viti ishirini. Bi Antje alikaa mbele na kofia mpya. Ruprecht alikuwa amesimama dirishani, shati jeupe, uso mweupe zaidi ya shati. Gesine alikuwa anamwendea, mara mlango ukafunguliwa nyuma yake. Akaingia Mzee Egon.

Yule aliyekuwa ameapa hatatia mguu kwenye harusi hii. Amevaa suti ya kijivu, ua kifuani, na anatabasamu. Akamwinamia Gesine, akambusu mkono kwa adabu zote za kwao.

"Siku njema sana leo," akasema. "Hongera, Bi Harms."

Angemtukana, Gesine angeelewa. Angempa kisogo, angeelewa zaidi. Tabasamu lile ndilo lililomtisha.

Hajakaa sawa, mkono mkavu ukamshika kiwiko na kumvuta chumba cha kutundikia makoti. Shangazi Mechthild.

"Sina muda mrefu, mwanangu, kaka atanitafuta. Jumatano nyumbani walikaa watatu mezani. Kaka, wakili, na Ruprecht. Mimi niliwapelekea kahawa."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Unadhani wakili huja kunywa kahawa?"

"Ruprecht alitia saini?"

"Muulize mwenyewe, kabla hujasema ndiyo. Usiulize baada."

"Kwa nini unaniambia, shangazi?"

Yule mama akatazama makoti.

"Mimi jina langu lina maneno tisa, Gesine. Anayenisomea yote ni daktari wa meno peke yake, kutoka kwenye faili. Alikuwepo daktari wa mifugo aliyekuwa akiniita Mechi. Kaka na baba waliweka karatasi kama ile mezani, yeye akaniangalia aone nitasema nini, mimi nikaangalia kikombe. Akapanda treni. Miaka arobaini na moja sasa." Akamnyoosha Gesine kola. "Haya, nenda. Wanakuita."

Waliketi wawili mbele ya meza ya Bi Kolbe, msajili, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Alisoma tarehe, akasoma majina ya mashahidi, akafika pale.

"Kabla sijawauliza lile swali kubwa, nahitaji kuthibitisha jina la familia. Hapa nimeandika mmechagua Harms. Ndivyo?"



Ruprecht akakohoa. "Kuna mabadiliko kidogo. Kila mmoja atabaki na jina lake."

"Eti nini?" Bi Antje akatoka kwenye kiti.

Gesine hakugeuka. Alimtazama Ruprecht kwenye shavu, maana macho hakumpa.

"Ulitia saini nini Jumatano?"

"Gesi, si hapa, tafadhali."

"Hapa hapa."

"Ni karatasi tu. Ya ndani ya ukoo. Mahakama yoyote ingeitupa."

"Kifungu cha nne kimo?"

Ruprecht akarekebisha mkono wa shati.

"Ruprecht, nakuuliza. Kimo?"

"Kimo."

Bi Kolbe aliweka kalamu chini taratibu.

"Nilijaribu," Ruprecht akasema, na sauti ikampasuka. "Wallahi nilijaribu. Kila asubuhi nasimama kwenye kioo nasema Ruprecht Harms, Ruprecht Harms, namwona mtu simjui. Miaka thelathini na sita nimekuwa hivi, Gesine. Babu zangu wote wapo chini ya lile kanisa. Ningekuwa nani?"

"Ungekuwa mume wangu."

"Nitakuwa! Nisikilize. Baba amenirudishia nafasi yangu; akishafariki, mkuu wa ukoo ni mimi, si Konrad. Sheria naifuta mwenyewe. Namwandika mtoto kitabuni, nampa jina, nampa kila kitu. Ni kusubiri tu."

"Baba yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na mbili."

"Mgonjwa?"

"Mzima kama farasi," akasema shangazi Mechthild kutoka nyuma.

"Kwa hiyo mwanangu asubiri mtu afe, ndipo awe mtoto wako."

"Mtoto gani?" Mzee Egon akauliza. Tabasamu lilikuwa limeanguka. "Ruprecht, mtoto gani?"

Hapo Gesine akaelewa yote kwa pamoja. Mzee hakujua. Mzee alikuwa anapigania watoto wa kufikirika. Aliyekaa Jumatano mbele ya karatasi ile akijua kuna moyo unadunda tayari, akachukua kalamu akaufuta, alikuwa ni Ruprecht.

"Wa miezi mitatu kasoro, mzee," akasema. "Usihangaike, mwanao ameshamalizana naye."

Mzee akaketi kwa uzito, mkono kifuani juu ya lile ua. Kwa muda alifanana na babu wa mtu yeyote. Kisha akajikusanya.

"Basi makubaliano yamefanyika kwa wakati wake," akasema.

"Egon, Mungu anakusikia," dadake akamjibu.

Gesine akamgeukia msajili.

"Samahani, Bi Kolbe. Nikisema hapana leo, mtoto wangu atapata jina gani?"

"Lako, Bi Harms. Moja kwa moja."

"Bila kumwomba mtu?"

"Bila kumwomba mtu."

"Asante." Akamshika Ruprecht mikono yote miwili. Ilikuwa baridi kama chuma. "Nisikilize vizuri. Sihitaji nyumba yenu, wala kaburi. Hata jina langu halikuwa lazima ulichukue, ungeniambia ukweli Jumatano tungetafuta njia. Lakini mwanangu hatafichwa. Bado hatujafunga ndoa, bado unaweza. Neno moja tu. Sema Harms, Ruprecht."

Midomo ya Ruprecht ikafunguka.

"Sema Harms, mpenzi wangu. Nakuomba."

Akageuza shingo. Akamtazama baba yake.

Ilikuwa mara moja tu, haikufika hata sekunde mbili, na huenda alitaka tu kumwambia mzee kwaheri. Yeye mwenyewe baadaye aliapa kwamba ndivyo. Lakini Gesine alikuwa ameshaachia mikono.

"Bi Kolbe, jibu langu ni hapana."

"Gesine!"

"Mama, nipe koti langu."

"Gesine, ngoja, nasema! Nasema sasa hivi!"

Hakungoja. Alishuka ngazi na gauni lake, mama yake nyuma ameshikilia kofia, na nje watu wa sokoni wakampigia makofi wakidhani tayari ameolewa. Aliwapungia mkono, maskini, kwa kutojua afanye nini kingine.

Ruprecht alipiga simu mara arobaini siku ile. Akaandika: "Ningesema. Naapa ningesema." Akaandika: "Nipe dakika tano." Akaandika: "Nimekosa, Gesi. Nimekosa." Gesine alisoma zote amelala kwenye kitanda chake cha utotoni. Mama yake alimletea mkate wenye siagi, akauondoa haujaguswa.

"Unampenda bado?" Bi Antje akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Ndilo linaloniua."

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, hospitali ya mjini, msichana mwenye sauti ya kutosha kanisa zima. Wakamwita Tomma. Siku ya pili saa nane mchana mlango uligongwa kidogo, akaingia Ruprecht. Amekonda, koti lile lile, mkononi ana bahasha.

"Mama yako ameniruhusu," akasema haraka. "Robo saa."

"Kaa."

Hakukaa. "Nimekwenda ofisi ya ustawi wa watoto. Nimekiri kwa maandishi kwamba ni wangu. Cheti hiki hapa. Jina langu lilikula mistari miwili."

"Umefanya vizuri. Atataka kukiona siku moja."

"Nimemwachia Konrad kila kitu, Gesine. Tangu Januari. Nimepanga chumba juu ya duka la baiskeli. Baba hasemi nami." Akaigeuza ile bahasha. "Nikaenda serikalini kuomba wanibadilishie jina. Niwe Harms. Wamekataa."

"Wamesemaje?"

"Wamesema lazima iwepo sababu kubwa, na jina langu halina kasoro." Akacheka, cheko likageuka kilio. "Mbele ya sheria njia ni moja tu. Nioe, Gesine. Safari hii ni mimi ninayeomba. Nipe jina lako."

Gesine alimtazama mtu huyu aliyemletea maji siku saba. Alikuwa anampenda vile vile, haikupungua hata kidogo, na hilo lilimtia uchungu kuliko ule wa kujifungua.

"Ningekupa, Ruprecht. Siku ile ningekupa bure, mbele za watu."

"Na leo?"

"Leo sina hasira nawe. Lakini nilikuomba kitu mara mbili, ukamtazama baba yako. Nikiolewa nawe, kila utakaponyamaza mezani nitajiuliza unamtazama nani. Sitaweza kuishi hivyo. Wala Tomma."

"Hata nikingoja?"

"Usingoje. Tafadhali, usingoje. Njoo kila Jumapili umwone mwanao, mlango uko wazi. Ila usije kwa ajili yangu."

Akamnyooshea mtoto. Ruprecht alimpokea kama mtu aliyebebeshwa maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Tomma akafungua jicho moja, akamtazama, akalifunga. Machozi ya baba yake yakadondokea blanketi.

"Atakuja kuniita nani?"

"Baba. Atakuita nani mwingine?"

Nesi akaingia na ubao wake wa karatasi, amechangamka, hajui lolote.

"Muda wa wageni umekwisha, jamani. Wewe bwana nahitaji jina lako kwenye orodha. Ni nani kwa mgonjwa?"

Ruprecht akafungua mdomo, akamtazama Gesine, akaufunga.

"Ni baba wa mtoto," Gesine akasema.

"Vizuri. Jina?"

"Ruprecht."

"Ruprecht nani?"

Alimrudisha mtoto kwenye mikono ya mama yake, akamfunika vizuri miguu.

"Ruprecht tu," akasema.

Nesi akainua mabega, akaandika. Nyayo za viatu vyake na vya Ruprecht zikasikika ukumbini mpaka kwenye lifti. Gesine alikuwa na jina la Ruprecht kinywani, alitamani kumwita arudi, lakini hakuita. Aligeukia ukutani akalia, mpaka mtoto akaamka akitaka kunyonya.